Tundu Kabla ya Maji

Kioo cha kwanza nilichojaribu kutoboa kilipasuka vipande vidogo vidogo kama mvua ya mawe, nikabaki na drili mkononi. Nilikuwa kwa kogo, karibu na Litein, nikitengeneza tangi la samaki. Kogo alichuma majani chai hadi magoti yakakataa. Aliniangalia, akauliza: "Sasa mtu anatoboaje tangi, na bado anataka likae na maji?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na nimegundua linaanzia London, mnamo 1829.

Daktari mmoja, Nathaniel Ward, aliweka kifukofuko cha nondo kwenye udongo ndani ya chupa, akaifunika. Badala ya kungoja nondo tu, akaona kangaga ikiota humo. Unyevu ulipanda, ukagusa kioo, ukarudi chini. Akaanza kutengeneza masanduku ya kioo ya kusafirishia mimea. Kwa masanduku hayo Robert Fortune, aliyetumwa na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki mwaka 1848, alitoa miche ya chai China na kuivusha bahari hadi India.

Sisemi michai ya Kericho ni wajukuu wa miche ile. Chai yetu kwa sehemu kubwa ni ya ukoo wa Assam. Ilipandwa Limuru 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanza miaka ya 1920 kupitia Brooke Bond na James Finlay. Lakini biashara iliyomfanya kogo abebe kikapu mgongoni ilisaidiwa na sanduku la kioo.

Tangi la samaki ni mtoto wa sanduku hilohilo. Watu walitia maji mahali pa udongo, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma. Wazo lilikuwa tamu: mimea impe samaki hewa, samaki ailishe mimea, kitu kisiingie wala kutoka. Shida ni kwamba samaki mmoja akifa na kuoza, maji yote yanaharibika naye.

William Alford Lloyd alifikiri tofauti. Kwenye akwariamu ya Crystal Palace, iliyofunguliwa 1871, aliweka hifadhi ya maji chini, kubwa kuliko matangi ya juu yote kwa pamoja. Pampu ilipandisha maji, yakapita matangini, yakateremka tena. Mfumo wa namna hiyo haufanyi kazi kama tangi la juu halina mlango wa kutokea.

Basi, kogo, tunatoboa hivi. Kwanza unajua kioo chako. Kioo kilichoimarishwa kwa moto hakitobolewi kamwe. Changu kilikuwa hicho, na aliyeniuzia hakuniambia. Pili, usikaribie ukingo: kati ya tundu na ukingo acha angalau upana wa tundu lenyewe. Biti iwe ya almasi, maji yatiririke juu yake, mkono usikandamize.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukosea, tundu silo linaloamua maji yasimame wapi. Ndani ya tangi, mbele ya tundu, unabandika kisanduku ambacho mafundi hukiita ovaflo. Mdomo wake una meno ya kuzuia samaki. Maji yanasimama usawa wa mdomo huo, juu kidogo tu. Tundu linakaa chini yake. Ukiweka mdomo karibu sana na ukingo wa tangi, jani moja likiziba meno, sakafu inaogelea.

Nne, fikiria stima ikipotea. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa giza. Pampu ikizima, maji yanarudi chini kupitia bomba lilelile lililoyapandisha, mpaka mdomo wa bomba uvute hewa. Tangi langu ni sentimita 120 kwa 45. Kila sentimita moja ya kimo ni lita 5.4. Bomba likizama sentimita 5, lita 27 zinateremka. Swali ni moja: tangi la chini lina nafasi ya lita 27?

Nilipomweleza hilo, kogo hakucheka. Huku kwetu kuna mabwawa kwenye mashamba ya chai, mengine ya kuzalisha umeme wa viwanda, na kuna watu wanaolala chini yake. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la Patel lilipasuka kule Solai, Nakuru, kaunti jirani. Zaidi ya watu 40 walikufa, watoto wakiwemo. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Tangu siku hiyo, shangazi yangu, ambaye nyumba yake iko bondeni chini ya bwawa, husikiliza mvua tofauti na sisi. Sisi tunasikia usingizi mtamu. Yeye anapiga hesabu.

Kila kinachohifadhi maji, kiwe cha lita 200 au bonde zima, kinadaiwa majibu mawili kabla ya tone la kwanza: ya ziada yatatokea wapi, na huko yatakapoangukia kuna nani. Majibu hayo hayatafutwi maji yakishajaa.

Kioo cha pili kilitoboka vizuri. Kogo alikuja na jagi, akaanza kumimina mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye tangi la chini.