Mali ya Nani? Leso, Sweta na Historia ya Kukopiwa

Chukua leso ya zamani pale nyumbani, ile ya mama ama ya nyanya, uitandaze kitandani. Macho yataenda kwanza kwa pindo, kisha kwa mji, ile sehemu ya katikati, kisha kwa maneno. Watu wa Pwani huyaita maneno hayo jina. Kila leso ina jina lake. Sasa sogea karibu, uangalie maandishi madogo. Ukiwa na bahati utakutana na haya: K.H.E., Mali ya Abdulla.

K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyeanza kazi mwaka 1887 na ambaye wateja walimjua kwa jina la Abdulla. Duka la familia yake bado liko Biashara Street. Lakini hebu fikiria kidogo. Mtu anakuuzia kitambaa, unalipa pesa zako, unaenda nacho nyumbani, kisha unasoma juu yake kwamba ni mali yake. Si ni kichekesho? Kitambaa ni chako sasa, kata, funga, bebea mtoto, hakuna atakayekuuliza. Kile ambacho Abdulla hakukuuzia ni dizaini. Alitaka mnunuzi ajue hii imetoka kwake, si kwa jirani anayeuza inayofanana nayo.

Yaani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kabla ya Instagram na kabla ya mtu yeyote kuweka alama ya maji juu ya picha, kuna mtu Mombasa alikuwa akipambana na shida ileile inayomtoa machozi dada anayefuma sweta huko Umoja leo: nimekaa na hii kitu wiki tatu, nimefumua na kuanza upya mara nne, halafu mtu ameichukua hivi hivi, hata jina langu hajataja.

Lakini usimfanye Abdulla shujaa haraka hivyo. Historia ya leso inaanza na wizi mwingine, mdogo, ambao haukuandikwa popote.

Neno leso limetoka kwa Wareno, lenço, kitambaa cha mkononi. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni kwamba katika karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na miji ya Pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora. Walichukua sita, wakavigawa vitatu vitatu, wakaviweka safu mbili na kuzishona pamoja. Ikatoka nguo moja pana, yenye nakshi ambayo hakuna kiwanda kilichokuwa kimeifikiria. Wafanyabiashara wakaona vile inapendwa. Wakaagiza ichapishwe ikiwa kipande kimoja tayari, bila haja ya kushona. Nguo zikauzwa, watu wakatajirika. Jina la mwanamke wa kwanza kuunganisha vile vitambaa sita liko wapi? Hatuna. Hakuandika "mali ya" popote. Alivaa tu akatoka nje.

Kwa hivyo tukisema "Mali ya Abdulla", tuseme tukijua kuna mali nyingine chini yake. Hata majina ya leso, zile methali na vijembe, yalitoka kwenye vinywa vya watu. Methali haina risiti.

Kwa nini basi alama ilihitajika? Kwa sababu biashara ya leso ilikuwa na kasi ya ajabu. Wanawake wa Pwani hawakutaka dizaini ya msimu uliopita, na shehena ikichelewa baharini ingeweza kufika wakati kila mtu ameshahamia kitu kingine. Uchapishaji wenyewe ulifanyika mbali. Kampuni ya Van Vlissingen ya Helmond, Uholanzi, ambayo leo tunaijua kama Vlisco, ilichapisha leso za soko hili mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye viwanda vya Japani na India vikaingia. Sasa piga hesabu: dizaini inapendwa Mombasa, inachapishwa kiwanda cha ng'ambo, na kiwanda hicho kina wateja wengine. Nani atazuia mchoro usivuke meza?

Na Waholanzi hawakuwa wageni kwenye mchezo huu. Vitambaa vile tunavyoviita vya Kiafrika, vile vya Afrika Magharibi vya kung'aa, vilianza kama jaribio la viwanda vya Uholanzi kuiga batiki ya Java kwa mashine. Java kazi ya mashine haikupata mapenzi yaliyotarajiwa. Pwani ya Afrika Magharibi ikaipenda, ikaifanya yake, wauzaji wa kike wa sokoni wakaipa kila dizaini jina. Mtoto wa kuiga akapata kwao. Hivyo unapouliza "hii ilikuwa ya nani mwanzo", jiandae. Ukifuata uzi nyuma, mara nyingi hufiki mwisho.

Lakini hilo lisitumike kumnyamazisha aliyeibiwa. Kuna tofauti kati ya nakshi iliyosafiri karne moja na kazi ya mtu mmoja aliye hai, iliyochukuliwa Jumatatu ikauzwa Ijumaa. Tofauti hiyo ilimpeleka William Kilburn bungeni.

Kilburn alizaliwa Dublin mwaka 1745. Alikuwa mchoraji wa mimea, na kazi yake imo kwenye kitabu maarufu cha maua ya London, Flora Londinensis. Baadaye akawa na kiwanda cha kuchapisha vitambaa vya pamba huko Wallington, kusini mwa London, akavijaza maua yake na majani ya baharini. Matajiri walivigombania. Shida ni kwamba dizaini zake zilinakiliwa na wachapishaji wa kaskazini, na baada ya siku chache tu zilikuwa sokoni kwa bei ya chini, kwenye kitambaa hafifu. Unaijua hii hadithi. Badilisha Lancashire uweke Gikomba, mambo ni yaleyale.

Kilburn na wenzake wakalalamika kwa Bunge, na mwaka 1787 sheria ikapitishwa. Ilimpa mwenye dizaini mpya ya kitambaa haki ya kuichapisha peke yake kwa muda wa, ngoja usicheke, miezi miwili. Mwaka 1794 ikaongezwa ikawa mitatu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Uingereza ya kulinda dizaini, na ilitokana na vilio vya watu wa vitambaa. Mwaka 1802 Kilburn alifilisika. Sheria ilikuwepo, bado haikumwokoa. Michoro yake, hata hivyo, iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, chini ya jina lake. Wale waliomkopi, leo ni wachache wanaoweza kuwataja.

Tuje kwenye sweta zenyewe, kwa sababu kufuma kuna ugumu wake. Mashono ni ya kila mtu. Hakuna anayemiliki kufuma juu na kufuma chini, kama vile hakuna anayemiliki sukuma na ugali. Ubunifu uko kwenye mpango: rangi gani inafuata gani, nakshi inakaa wapi, bega linaanguka vipi. Ni rahisi sana mwizi kusema, "Lakini hii ni kitu ya kawaida tu."

Kuna kisiwa kidogo kaskazini mwa Scotland kinachoitwa Fair Isle. Wakazi wake ni kama hamsini hivi, lakini jina la kisiwa linajulikana dunia nzima kwa sababu ya mtindo wake wa sweta za mistari ya nakshi ndogo ndogo. Mati Ventrillon, mbunifu mwenye asili ya Venezuela na Ufaransa, alihamia huko mwaka 2007, akajifunza ufumaji wa wenyeji na kuanza kutengeneza zake. Mwaka 2015 wafanyakazi wa Chanel walifika kisiwani wakanunua sweta zake, kwa maelezo kwamba ni za utafiti. Desemba mwaka huohuo, kwenye onyesho la Chanel mjini Rome, sweta zikatokea jukwaani. Dizaini zake, jina la Chanel.

Angalia alichofanya. Hakukaa kimya na hakutukana. Aliweka picha za kazi yake kando ya zile za jukwaani mtandaoni, akaeleza jinsi walivyokuja na walichonunua. Watu wakaona wenyewe. Chanel ikaomba msamaha na ikakubali kuandika kwamba ile ni dizaini ya Mati Ventrillon. Mfumaji wa kisiwa cha watu hamsini alishinda kampuni ile kwa sababu alikuwa na vitu vitatu: kazi yenye tarehe, kumbukumbu ya mauzo, na maneno machache yaliyonyooka.

Na yeye pia, kama Abdulla, alikuwa amesimama juu ya mabega ya wengine. Nakshi za Fair Isle ni za kisiwa. Kilichokuwa chake ni namna alivyozipanga. Tofauti hiyo ni muhimu. Ukijua mpaka wako uko wapi, unaweza kuulinda bila kudai shamba zima.

Kuna waliojaribu kudai shamba zima. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kama alama yake ya biashara huko kwao. Yaani kikoi, kile cha Lamu na Mombasa, kigeuke jina la duka la mtu. Wakenya wakapiga kelele, shirika la Traidcraft la hukohuko Uingereza likasaidia kupinga, na ombi likaishia hapo. Lingepita, fundi wa Pwani anayeuza kikoi Uingereza angejikuta akiulizwa ruhusa ya kutumia neno la bibi yake.

Sisi wenyewe tuna sheria, ingawa wengi hatuzijui. Mchoro wako, picha zako, na maelezo uliyoandika ya jinsi ya kufuma sweta fulani vina hakimiliki tangu vinapoandikwa ama kuchorwa. Huhitaji kulipa ndipo iwe yako, ila ukisajili kazi na Bodi ya Hakimiliki unapata karatasi ya kuonyesha. Muonekano wa bidhaa yenyewe unaweza kusajiliwa kama dizaini kwa taasisi ya serikali ya mali ya viwandani, KIPI, chini ya sheria ya mwaka 2001. Unalindwa miaka mitano, na unaweza kuongeza mara mbili, jumla kumi na mitano. Ukilinganisha na miezi miwili ya Kilburn, tumetoka mbali. Na tangu 2016 kuna sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jamii zetu, zile ambazo hazina Abdulla mmoja.

Lakini sheria ni mlango mzito na ada zake si za kila mtu. Ndiyo maana inafaa kuangalia wale wa zamani walifanya nini kabla ya wakili. Abdulla aliweka jina ndani ya kitu chenyewe, si kwenye kibandiko kinachotoka. Kwa mfumaji hiyo inaweza kuwa herufi mbili upande wa ndani wa ukosi, ama mstari mmoja wa rangi ambao unarudi katika kila kazi yako mpaka watu waujue. Mati aliweka kumbukumbu. Picha ya mchoro wa kwanza, ile mbaya mbaya, yenye tarehe, siku moja itakuwa shahidi wako mkubwa kuliko ile ya mwisho iliyopendeza. Na wote wawili waliendelea kufanya kazi. Anayekopi anaweza kuchukua dizaini uliyomaliza. Ile ambayo bado iko kichwani hana njia ya kuifikia.

Uchungu nao usiuite wivu. Aliyekaa wiki tatu na sindano ana haki ya kuumia. Mwandikie aliyechukua, moja kwa moja, kwa adabu, ukiambatisha ushahidi, kabla hujamwaga kila kitu hadharani. Wengine kweli hawakujua. Waliona picha isiyo na jina wakadhani ni ya dunia. Wengine watakublock. Hapo sasa unaweza kuongea, na uongee ukweli tu.

Halafu kuna sehemu ya deni ambayo ni yetu sote. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wale wanawake walioshona vitambaa sita hawatapata haki yao tena, tulichelewa. Lakini aliyekufundisha kuanza raundi ya kwanza bado yuko hai, pengine yuko kwenye simu yako. Ule mchanganyiko wa rangi uliouona kwa mtu ukaurekebisha una mwenyewe. Ukiposti, mtaje. Ni maneno matatu ama manne tu, na hayapunguzi hata uzi mmoja kwenye sweta yako.