Pingili ya Roketi

Tarehe 30 Desemba 2024, alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Kipenyo chake kilikuwa kama mita 2.5 na uzito wake kilo 500 hivi. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba uchunguzi wa awali ulionyesha kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi.

Mpwa wangu, aliye darasa la saba, aliiona picha yake akaniuliza: "Mjomba, hii ilikuwa inatenganisha nini na nini?" Nikamjibu kwa lugha tuliyoizoea redioni: inatenganisha hatua moja ya roketi na hatua nyingine. Akafikiri kidogo. "Sasa hatua inaangukaje, Mjomba?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo neno hilo halijaniacha. Hatua ni mwendo wa mguu, au ni kipande cha kazi: mtu hupiga hatua, serikali huchukua hatua, ujenzi hufika hatua ya tatu. Yote hayo hayashikiki kwa mkono. Lakini kile tunachokizungumzia kwenye roketi ni mtungi mkubwa wenye matangi, mabomba na injini, ambao mtu anaweza kuugonga kwa nyundo ukalia. Ukiandika kwamba "hatua ya kwanza ya urushaji ilifanikiwa", msomaji hajui kama maandalizi yalikwenda vizuri au kama injini za chini ziliwaka zikazima kwa wakati wake. Lugha inayoacha shaka ya namna hiyo inamnyima mtoto sayansi.

Tuanze na sababu ya kuwapo kwa kitu chenyewe. Ili setilaiti izunguke dunia bila kuanguka, lazima ifikie mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa. Roketi hupata mwendo huo kwa kuchoma fueli na kutupa gesi nyuma yake, na fueli hiyo ndiyo karibu uzito wake wote. Tatizo ni kwamba tangi likishapungua, ganda lake tupu linabaki, na injini inaendelea kulibeba bure. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga nchini Urusi, alichapisha mwaka 1903 hesabu inayoonyesha jinsi mzigo huo unavyokula mwendo. Mwaka 1929 akaandika juu ya dawa yake: roketi kadhaa zilizoungwa, kila moja ikimaliza kazi inaachwa. Yeye aliziita treni.

Tangu hapo kila lugha imechagua picha yake. Warusi na Wajerumani hutumia neno la kidato cha ngazi. Wafaransa husema ghorofa. Mwaka 1965, walipoirusha Diamant kutoka Hammaguir, katika jangwa la Algeria, kwao ilikuwa roketi ya ghorofa tatu. Hakuna aliyekosea, maana kila mmoja alichukua kitu kilichokuwa karibu naye. Sisi tulikwenda kuchukua hatua, kivuli cha neno la wengine, ilhali kitu chenyewe kinauzwa kwenye mkokoteni mtaani.

Mtazame muuza miwa. Anaushika muwa, anaumenya kwa kisu kutoka juu kwenda chini, kisha anaukata kwenye fundo. Baina ya fundo na fundo ndipo penye utamu, na kipande hicho kina jina: pingili. Za shinani ni nene, za kileleni nyembamba. Unatafuna pingili moja mpaka imalizike maji, unatema makapi, unashika nyingine. Hakuna anayetembea na makapi mdomoni mpaka nyumbani. Hesabu ya Tsiolkovsky imo humo.

Wala neno hili halingeanza safari leo. Madaktari na walimu wa biolojia walishalitoa shambani zamani, ndiyo maana tunasema pingili za uti wa mgongo na kila mtu anaelewa. Basi tuseme pingili ya kwanza ya roketi, pingili ya pili, roketi ya pingili tatu.

Hebu tulijaribu neno hilo kwenye roketi iliyoruka hapa hapa pwani. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988, Waitaliano wa mradi wa San Marco, ulioongozwa na Luigi Broglio, wakishirikiana na Wamarekani, walirusha setilaiti mara tisa kutoka jukwaa lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi yao ilikuwa Scout ya Marekani: urefu mita 23 hivi, uzito tani 21 hivi, na pingili nne zilizopangwa moja juu ya nyingine. Zilikuwa na majina ya nyota: Algol chini kabisa, kisha Castor, Antares, na Altair kileleni. Zote zilichoma fueli kavu, na zilipungua unene kadiri zinavyopanda, kama muwa hasa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, Scout iliondoka hapo na setilaiti ya kupima miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ikaitwa Uhuru, na uzito wake ulikuwa kilo 140 na ushei. Tani 21 za kuondokea, kilo 140 za kufikia: tofauti yake ndiyo fueli iliyochomwa na makapi yaliyotemwa njiani.

Na ile pete ya Mukuku? Hiyo ni fundo. Pingili zinakutana kwenye fundo, na hapo ndipo pa kukatia. Mfano wake uko kwenye Saturn V, iliyowapeleka Wamarekani mwezini: ilikuwa na urefu wa mita 110, na pingili yake ya kwanza ilichoma karibu tani 2,000 za fueli na oksijeni kwa dakika mbili na nusu tu. Katika safari ya Apollo 4, Novemba 1967, kamera ziliwekwa ndani ya pingili ya pili zikitazama chini, kisha zikaangushwa na kuokotwa. Filamu yake ni ya ajabu. Kwanza pingili ya kwanza inajitenga na kubaki nyuma. Nusu dakika hivi baadaye pete iliyokuwa katikati inachomoka peke yake, inashuka polepole huku ikimulikwa na moto wa injini, na chini yake dunia imetanda buluu. Nilipomwonyesha mpwa wangu alisema mara moja, "Fundo hilo!"

Kuna mahali neno langu linabanwa, na sitaki kupaficha. Roketi ya R-7 ya Wasovieti, iliyobeba Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, haikupangwa kwa kwenda juu tu. Wahandisi wa Sergei Korolev hawakuwa na hakika ya kuwasha injini kubwa ikiwa tayari angani, kwa hiyo walizungushia mwili wa kati roketi nne, zote zikawashwa chini kwa pamoja. Warusi huzifananisha na karoti, na kwa hesabu yao hizo nne ndizo kidato cha kwanza. Muwa hauna pingili za ubavuni. Kwa Soyuz ya leo, mjukuu wa R-7, mimi ningesema wazi: roketi nne za ubavuni na pingili mbili za kati. Maneno yanaongezeka, lakini msomaji anaiona.

Mfano mwingine mgumu ulikuwa katika nchi ya wasemaji wa Kiswahili. Kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG ilijaribu roketi zake Shaba, Zaire ya Mobutu, mwaka 1977 na 1978. Wazo lilikuwa kufunga pamoja mabomba mengi yanayofanana, ya nje yakiisha yanaachwa kwanza. Vali zake ziliendeshwa na mota za waipa za gari. Jaribio la tatu, mbele ya Mobutu mwenyewe, lilishindwa. Roketi ya namna hiyo haina pingili hata moja. Ni tita, kama tita la kuni, na ningeiita hivyo.

Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipanda kwa Falcon 9 kutoka Vandenberg, California. Ni roketi ya pingili mbili. Pingili ya kwanza ilijitenga, ikageuka, ikarudi kusimama wima pwani karibu na ilikotoka. Ya pili ikaendelea na Taifa-1.