Albert Walter na daftari la mvua

Ndugu msomaji, kila jioni baada ya taarifa ya habari tunasomewa utabiri wa hali ya hewa. Tanga, mawingu kiasi na mvua nyepesi katika maeneo machache. Mara nyingi tunafunga redio kabla msomaji hajamaliza. Na mvua ikinyesha mahali ambapo haikutajwa, tunacheka na kusema kwamba jamaa hawa wanabahatisha tu.

Wiki hii naomba tusicheke. Nataka tuzungumze habari za Albert Walter, Mwingereza aliyeongoza shughuli za hali ya hewa katika Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 15. Simtaji kwa kuwa alikuwa mwema kuliko watumishi wengine wa mkoloni. Namtaja kwa sababu maisha yake yanatufundisha jambo ambalo mpaka leo hatujalishika sawasawa. Utabiri hautoki hewani, hutoka kwenye daftari. Na daftari hilo huandikwa na watu wadogo, siku hata siku, kwa miaka mingi.

Kwanza tuwe wakweli. Watu wa mwambao wetu, kuanzia Moa hadi Pangani na Saadani, hawakungoja mzungu awafundishe habari za upepo. Walijua kaskazi inaanza lini na kusi inashika lini. Walikuwa na mwaka wao wa jua, unaoanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku. Nahodha alijua mwongo wa kutweka tanga kwenda Arabuni, na mkulima alijua mwongo wa kusafisha shamba. Hiyo ilikuwa elimu kamili, na wengi waliishi kwayo.

Lakini hesabu ya miongo hueleza mwaka ulivyozoeleka kuwa. Haisemi masika ya mwaka huu yamepungua kwa kiasi gani kuliko ya mwaka jana, wala kuliko ya miaka 20 iliyopita. Kwa hilo inabidi maji yapimwe na kuandikwa.

Wajerumani walianza kazi hiyo katika miaka ya 1890. Dk. Hans Maurer, na baada yake Carl Uhlig, waliongoza upimaji wa hali ya hewa kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1902 ilianzishwa taasisi ya utafiti ya Amani, juu katika milima ya Usambara Mashariki, na mvua ikawa inapimwa huko pamoja na majaribio ya mimea. Kisha ikaja vita ya 1914. Tanga yenyewe ilipigwa mwezi Novemba mwaka huo. Watu waliokuwa wakipima mvua wakatawanyika, na mahali pengi hesabu ikakatika.

Wakati huo Albert Walter alikuwa mbali na hapa, katika kisiwa cha Mauritius, ng'ambo ya bahari yetu hii hii ya Hindi. Alizaliwa mwaka 1877, akafika kisiwani humo mwaka 1897 kufanya kazi katika kituo cha Royal Alfred. Alikuta watu hawajasahau kimbunga cha Aprili 29, 1892, kilichoua watu wapatao 1,200 kwa siku moja. Kituo hicho kilikuwa na mazoea ya kukusanya madaftari ya manahodha wa meli zilizopita, na kwa kulinganisha madaftari hayo wakaweza kujua kimbunga kilizaliwa wapi na kilipita njia gani.

Walter aliichukua kazi hiyo akaipeleka shambani. Mwaka 1910 alitoa kitabu kuhusu miwa ya Mauritius. Alichukua mavuno ya miaka mingi, akayaweka kando ya mvua na vimbunga vya miaka hiyo hiyo, akatafuta uhusiano wake kwa hesabu. Halafu akapendekeza kwamba, kwa kuwa hasara inaweza kukadiriwa, wakulima wa miwa wachange bima na walipwe kimbunga kikipiga. Mwaka 1946 Mauritius ikawa na chombo rasmi cha bima dhidi ya vimbunga na ukame. Kimekuwapo tangu hapo, ingawa jina lake limebadilika.

Naam, huyo ndiye mtu aliyekuja kwetu. Mwaka 1926 aliletwa Nairobi kama mtakwimu wa mkutano wa magavana wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 ikaundwa idara moja ya hali ya hewa kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Yeye akawa mkurugenzi wake.

Eneo lilikuwa kubwa mno na watumishi wa idara wachache mno. Ikabidi kutegemea watu wa kujitolea: mabwana shamba, wamisionari, wakuu wa stesheni za reli, makarani wa boma na wa mashamba ya mkonge. Na mara nyingi bwana mkubwa ndiye aliyeweka sahihi, lakini aliyekwenda kwenye kipimamvua ni karani wake.

Tuitazame kazi yenyewe. Kipimamvua ni chombo cha bati au shaba, mdomo wake una upana wa inchi 5, na ndani mna chupa. Saa tatu asubuhi mtu huenda, akamimina maji kwenye bilauri yenye alama, akasoma, akaandika. Kama hakuna maji anaandika sifuri, na sifuri hiyo ina thamani ile ile ya siku ya gharika. Akiacha siku moja, mwezi umeharibika. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba, nadhani hakuna kazi inayostahili methali hiyo kuliko hii.

Kwa nini isitoshe kupima mahali pamoja, tuseme pale Tanga mjini? Kwa sababu nchi yetu haiko sawa. Amani hupata wastani wa milimita kama 1,900 kwa mwaka. Nenda Mombo, kiasi cha kilometa 50 tu kwa mstari ulionyooka, upande ambao milima imeukinga upepo wa bahari, na mvua inashuka chini ya nusu ya hiyo. Anayepanga kilimo cha Mombo kwa mvua ya Amani atavuna majani makavu. Ndiyo maana kila shamba, kila misheni na kila kituo cha utafiti, kama Mlingano pale Ngomeni kilichofunguliwa miaka ya 1930 kwa ajili ya mkonge, kilihitaji kipimo chake.

Hata hivyo, tusimpake Bwana Walter mafuta. Idara yake iliundwa kwa mahitaji ya serikali, ya mashamba makubwa na ya ndege. Ndege za kutoka London zilifika Mwanza mwaka 1931. Shirika la Wilson la Nairobi likawa linatua Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Rubani alihitaji kujua mawingu yako wapi, naye aliambiwa. Mkulima wa mahindi wa Handeni, aliyezoea kufunga mkanda masika yakikosa, hakuwa katika orodha ya waliotakiwa kuambiwa. Karani wa Kiafrika alitoa tarakimu, lakini taarifa haikurudi kijijini kwake.

Na hata wakubwa wenyewe hawakuheshimu daftari sikuzote. Hebu tutoke kidogo mwambao twende Kongwa. Mwaka 1947, Walter akiwa anafikia mwisho wa utumishi wake Afrika Mashariki, Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga huko. Kongwa hapakuwa na kumbukumbu ndefu ya mvua ya kutegemewa. Waliitazama ardhi kwa macho, wakaagiza matrekta. Ukame ukaja, udongo ukakauka ukawa kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Waliokuwa na haraka ya kulima hawakuwa na subira ya kupima.

Idara aliyoiacha Walter iliendelea. Mwingereza D. A. Davies aliiongoza kuanzia 1949, na mwaka 1955 akatoka Nairobi kwenda kuwa Katibu Mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Baadaye idara ikawa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na ya kwake. Wakala wa Hali ya Hewa Tanzania ulianzishwa mwaka 1999, na mwaka 2019 ukapandishwa kuwa Mamlaka.

Sasa pimeni tofauti. Aprili 15, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'oka, na Sultani Barghash akapoteza meli nyingi bandarini, bila mtu yeyote kuonywa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea pwani yetu, Mamlaka ilikitaja kwa jina siku kadhaa kabla, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka 152 ya watu walioamka asubuhi kwenda kusoma vyombo na kuandika.

Siku hizi zipo setilaiti na kompyuta, na wako wanaodhani kipimamvua cha bati ni takataka ya zamani. Si kweli. Setilaiti huona wingu, lakini kiasi cha maji kilichofika ardhini husahihishwa kwa chupa ile ile ya saa tatu asubuhi. Na tunaposema masika ya Tanga yamebadilika, ushahidi wetu hauna budi kuwa madaftari ya zamani, yale ya Amani, ya mashamba ya mkonge na ya misheni. Shamba likibadilisha mwenyewe, ofisi ikihamishwa, karatasi hizo huchomwa au huliwa na mchwa. Ukurasa mmoja ukipotea hakuna fedha ya kuununua tena, kwa sababu mvua ya mwaka 1934 hainyeshi mara ya pili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama katika shamba lenu, shule yenu au parokia yenu kuna daftari kuukuu la mvua, msifungie maandazi. Lipelekeni kwa watu wa hali ya hewa. Na kama yuko mwalimu au karani anayekwenda kwenye kipimamvua kila asubuhi bila kutajwa popote, mpeni asante yake akiwa hai. Albert Walter alipata cheo kwa tarakimu za watu kama yeye.