Aro: Hospitali Iliyotangulia Wodi Zake

Mwaka 1954, Dk. Thomas Adeoye Lambo, aliyesomea tiba ya magonjwa ya akili Uingereza, alikabidhiwa hospitali ya Aro mjini Abeokuta, kusini-magharibi mwa Nigeria. Ndiko alikozaliwa. Hospitali yenyewe ilikuwa bado inajengwa: wagonjwa wapo, wodi hakuna.

Hadi hapo, dawa ya serikali ya kikoloni kwa mwenye kichaa ilikuwa komeo. Yaba, Lagos, palikuwa na nyumba ya wendawazimu tangu 1907. Lantoro, hapo hapo Abeokuta, gereza la zamani liligeuzwa mwaka 1944 kuwa makazi ya askari waliorudi vitani wakiwa wameugua akili. Mwingine angesubiri mafundi wamalize kazi. Lambo alikwenda kuzungumza na wazee wa vijiji vya jirani.

Walikubaliana wanakijiji wawapangishe wagonjwa vyumba. Hospitali nayo iliwakopesha fedha za kuongeza nyumba, ikavuta maji ya bomba na kupeleka vikosi vya kuua mbu. Mgonjwa hakupokelewa peke yake. Ilikuwa sharti aje na ndugu, awe mama, dada, kaka au shangazi, wa kumpikia, kumfulia, kumpeleka hospitali asubuhi na kumrudisha alasiri. Huko alipewa dawa, na aliyehitaji tiba ya umeme aliipata. Akirudi kijijini alikuta watu wanalima, wanacheza ngoma, wanagombana na kupatana, naye akawa mmoja wao. Waganga wa Kiyoruba pia walishirikishwa, na sidhani ilikuwa kuwapaka mafuta tu: mganga anayezijua mila za mgonjwa hujua pa kuanzia kumhoji.

Wodi zilipokamilika, vijiji havikuachwa. Mwaka 1961 Abeokuta ikawa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Afrika wa madaktari wa akili. Italia, inayosifiwa sana kwa kufunga hospitali zake za vichaa, ilipitisha sheria ya kufanya hivyo mwaka 1978, wakati Lambo ameshakuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva. Tanzania nayo ilikuwa na vijiji vya wagonjwa wa akili, kama Vikuruti, Dar es Salaam. Lambo alifariki mwaka 2004. Hospitali ya Aro ingali inafanya kazi.

Wanaomsifu husema aliwarudisha wagonjwa kwa jamii, wakaishia hapo. Wanasahau kwamba jamii ile ilipata maji, mikopo na kodi ya vyumba, na kwamba daktari alikuwa jirani. Siku hizi "mgonjwa atunzwe na jamii" mara nyingi maana yake ni mama mmoja, hana dawa, hana nauli ya kliniki. Wizara zinazotaka kupunguza vitanda vya hospitali za akili zitenge kwanza fungu la dawa za zahanati na nauli ya huyo mama.