Walezi vijana wa Timberlawn: Kambi ya 1962 iliyozaa Special Olympics

Juni 1962, nyumba moja yenye viwanja vipana huko Rockville, Maryland, nje kidogo ya Washington, ilianza kupokea watoto kila asubuhi. Nyumba hiyo iliitwa Timberlawn, na mwenyeji wake alikuwa Eunice Kennedy Shriver, dada wa Rais John F. Kennedy. Watoto hao, wapatao 35, walikuwa na ulemavu wa akili. Waliowapokea hawakuwa madaktari wala wauguzi, bali wanafunzi wa sekondari na vyuo waliojitolea kuwa walezi wa kambi wakati wa likizo. Watoto na walezi waliogelea pamoja, wakapanda farasi, wakacheza mpira na kukwea miti.

Kambi hiyo, ambayo baadaye ilifahamika kama Camp Shriver, ndiyo chimbuko la Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili inayochezwa leo duniani kote. Medali na viwanja ni sehemu tu ya urithi wake. Sehemu kubwa zaidi ni yale yaliyompata kijana aliyejitolea. Aliingia kambini kama mlezi, na kadiri miaka ilivyosonga nafasi yake ikageuka, akawa mchezaji mwenza.

Watoto waliofichwa

Enzi hizo, mzazi wa Kimarekani aliyejaliwa mtoto mwenye ulemavu wa akili mara nyingi alishauriwa na daktari ampeleke kwenye taasisi, kisha aendelee na maisha yake. Nyingi kati ya taasisi hizo zilifurika watu na kupungukiwa watumishi, na watoto wakashinda humo bila masomo wala michezo. Waliobaki nyumbani walikataliwa na shule nyingi. Likizo ndefu ya majira ya joto ilipofika, watoto wenzao walikwenda kambini, wao wakabaki ndani. Mama mmoja alimpigia simu Eunice kumweleza kwamba hapati kambi ya kumpokea mwanawe. Eunice akaamua kuanzisha kambi nyumbani kwake.

Kilio hicho alikijua vizuri. Dada yake Rosemary, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa na ulemavu wa akili, na utotoni wawili hao waliogelea na kucheza pamoja. Mwaka 1941 baba yao, Joseph Kennedy, aliidhinisha Rosemary afanyiwe upasuaji wa ubongo ambao wakati huo ulisifiwa kuwa tiba. Ukamharibu. Rosemary alipoteza uwezo wa kutembea na kuzungumza sawasawa, akapelekwa kuishi mbali na macho ya watu, na mwishowe akahamishiwa kituo cha St. Coletta, jimbo la Wisconsin. Familia ilinyamaza miaka mingi. Septemba 1962, miezi michache baada ya kambi kufunguliwa, Eunice aliandika katika jarida la Saturday Evening Post kwamba dada yao ana ulemavu wa akili. Kwa familia ya rais aliye madarakani, lilikuwa tamko zito, na liliwapa wazazi wengi ujasiri wa kutamka hadharani yale waliyokuwa wakiyaficha.

Nyumba ya watu wa kujitolea

Mume wa Eunice, Sargent Shriver, alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Peace Corps, shirika lililoundwa mwaka 1961 kupeleka vijana wa Kimarekani kujitolea ng'ambo. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana hao. Mwaka huohuo walifika wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia kusaidia kazi ya barabara. Kwa hiyo katika nyumba moja, mume alikuwa akituma vijana Afrika, na mke akiwakusanya wengine uani kwake.

Walezi wa Timberlawn hawakuwa na utaalamu. Wengi wao hawakuwahi kukaa karibu na mtoto mwenye ulemavu wa akili, na walifika na hofu walizolelewa nazo. Utaratibu wa kambi ulikuwa rahisi: kadiri inavyowezekana, kila mtoto awe na kijana wake. Kijana huyo anaingia naye majini, anamshika mkono kwenye kamba, anangoja naye zamu ya farasi. Ukishinda na mtu siku nzima namna hiyo, hofu haipati pa kukaa. Unajua anachopenda, kinachomuudhi, anachoweza kukufundisha. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini, na kambi ilikuwa njia ya kujuana. Watoto wa Eunice nao walicheza humo, akiwemo Timothy, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu na ambaye baadaye alikuja kuiongoza Special Olympics.

Wakati huohuo sayansi ilikuwa ikifika mahali palepale. Nchini Kanada, mtafiti Frank Hayden alipima afya ya miili ya watoto wenye ulemavu wa akili, akakuta nguvu zao ziko chini sana kuliko za wenzao. Wengi walidhani ulemavu ndio sababu. Hayden akaonyesha kwamba watoto hao walikuwa dhaifu kwa kuwa walikalishwa tu. Wakipewa mazoezi, wanaimarika. Taasisi ya familia ya Kennedy ikaanza kutoa ruzuku kwa kambi za mfano wa Timberlawn katika maeneo mengine ya Marekani.

Kutoka uani hadi uwanjani

Mwaka 1968, mwalimu kijana wa michezo wa Chicago, Anne McGlone, ambaye baadaye, akijulikana kama Anne Burke, alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois, aliiomba taasisi hiyo ya Kennedy fedha za kuandaa mashindano ya watoto wenye ulemavu wa akili mjini kwake. Eunice akamtaka ayapanue yawe ya nchi nzima. Julai 20, 1968, wanamichezo wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada waliingia uwanja wa Soldier Field kwa michezo ya kwanza ya Special Olympics. Majukwaa yalikuwa karibu matupu. Miaka 51 baadaye, mwaka 2019, Abu Dhabi ilipokea wanamichezo zaidi ya 7,000.

Hata hivyo, kambi ya kwanza ilikuwa na upungufu wake. Wenye ulemavu walikuwa upande mmoja, wakisaidiwa. Wasio na ulemavu upande wa pili, wakisaidia. Upendo ulikuwepo, usawa ulikuwa bado. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Special Olympics ilianzisha timu za pamoja, ambamo wenye ulemavu wa akili na wasio nao, wenye umri na uwezo unaokaribiana, huvaa jezi moja na kutegemeana kupata ushindi. Kijana hakuja tena kumshika mwenzake mkono. Alikuja kupokea pasi yake. Mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Massachusetts jijini Boston kiliifufua Camp Shriver kwa msingi huohuo: nusu ya watoto wana ulemavu wa akili, nusu hawana.

Na sisi?

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kushiriki michezo na burudani sawa na watoto wengine. Special Olympics nayo ina matawi katika nchi zote mbili. Lakini bado wako watoto mitaani kwetu wanaofungiwa ndani kwa aibu ya wazazi au kwa woga wa majirani, na likizo kwao ni kufungiwa zaidi.

Tunavyo viwanja vya shule vinavyokaa bure kila likizo. Tunao wanafunzi wa sekondari na vyuo wasio na shughuli wiki nzima, na misikiti na makanisa yanayojua kukusanya vijana. Kambi ya mchana ya wiki mbili inahitaji mpira, maji ya kunywa, kivuli, mtu mzima anayeaminika, na wazazi walioelezwa vya kutosha. Ni haki ya watoto hao, na kila shule inaweza kuanza likizo ijayo. Ikiigwa Timberlawn, iigwe pamoja na somo lililochukua zaidi ya miaka 20 kueleweka: watoto waingie uwanjani kama wenza tangu siku ya kwanza.