Sarah Vaughan alienda mwenyewe Rio

Leo tuongee juu ya albamu moja tu: I Love Brazil! ya Sarah Vaughan.

Mama huyu alizaliwa Newark, Marekani, mwaka 1924. Mwaka 1942 alishinda mashindano ya uimbaji ku ukumbi wa Apollo, kule Harlem, na tangu hapo akahesabiwa kati ya sauti kubwa za jazi.

Bossa nova ilizaliwa Rio de Janeiro mwisho wa miaka ya 1950, na Antônio Carlos Jobim pamoja na João Gilberto: samba iliyotulizwa, gitaa, sauti ya chini kama mtu anayekuambia siri. Mwaka 1964 albamu Getz/Gilberto ikaitembeza dunia nzima. Basi waimbaji wengi wa Marekani wakaitaka. Wengi waliirekodi kwao tu, na wapigaji wa kwao. Ilikuwa kama kuvaa nguo ya kuazima bila kumjua mwenyewe.

Mwaka 1977 Sarah alifanya tofauti. Alienda kurekodi kule kule Rio, pamoja na Jobim, Dori Caymmi na Milton Nascimento. Milton ni Mweusi, na ile wakati Brazil ilitawaliwa na wanajeshi. Mwaka 1973 serikali ilikuwa imekataza maneno ya nyimbo kadhaa za albamu yake Milagre dos Peixes. Sarah akaziimba nyimbo zake, kama Travessia na Vera Cruz. Ni kweli aliziimba kwa Kiingereza, na hapo kitu fulani kilipotea. Lakini mtunzi alikuwa palepale, jina lake likajulikana.

Sasa siye Wakongo tunaingia wapi? Ku gati ya Valongo, Rio, mwanzoni mwa karne ya 19, walishushwa watumwa mamia ya maelfu, wengi wakitoka pwani ya Kongo na Angola. Ngoma zao ziko ndani ya samba, na samba iko ndani ya bossa nova. Kumbe ile studio ilikutanisha wajukuu wa watu waliouzwa, mmoja upande wa Marekani, mwingine upande wa Brazil.

Kuazima si aibu. Hata rumba yetu ilikula mingi ku disiki za Cuba. Aibu ni kuazima na kunyamaza. Leo vijana wetu wanachukua ngoma za kijiji, wanaziingiza ku kompyuta, wimbo unatoka, na mzee aliyezipiga hatajwi popote. Sarah alipanda ndege kuwafuata wenye muziki. Siye, kijiji kiko hapa karibu: nani amekwenda kumuuliza mzee jina lake?