Nadharia Tete: Ugumu Uko Wapi?

Mwanafunzi wa Kilosa, Tanzania, anayeanza Kidato cha Kwanza mwezi Januari hukabidhiwa biolojia kabla hajazoea hata ratiba ya shule. Mada ya kwanza ni utangulizi: biolojia ni nini, maabara ina kanuni gani, na wanasayansi hufikiaje majibu yao. Hapo ndipo hatua za njia ya kisayansi zinapopangwa ubaoni: kuchunguza, kubaini tatizo, kutoa jibu la kujaribiwa, kufanya jaribio, kukusanya data, kuzichambua, kuhitimisha. Miezi michache nyuma, katika shule ya msingi ya serikali, alikuwa akisoma Sayansi na Teknolojia kwa Kiswahili. Sasa yote hayo anayapata kwa Kiingereza. Kuchunguza na kujaribu atavielewa tu, maana ni mambo aliyowahi kuyafanya. Hiyo hatua ya tatu ndiyo inayomgomea. Anainakili, anaikariri, anaijibu kwenye mtihani, na akiulizwa ni nini hasa anasema "ni kubahatisha".

Kiswahili kina jina la hatua hiyo: nadharia tete. Ndilo linaloandikwa katika tasnifu za Kiswahili, Dar es Salaam na Nairobi pia, pale mtafiti anapotaja anachotarajia kukipata. Wapo wanaopendelea kutohoa hypothesis, neno lenye asili ya Kigiriki, na kusema haipothesia. Mimi nasimama na nadharia tete, ingawa si jina lote linalonifurahisha. Sehemu yake ya kwanza inapotosha, na ya pili ni bora kuliko neno la Kigiriki linalotafsiriwa.

Tuanze na inayopotosha. Nadharia imetoka kwenye Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kutazama, na neno la Kigiriki ambalo lugha za Ulaya zinalitumia kwa maana hiyohiyo nalo linatokana na kutazama. Asili ni nzuri, tatizo ni matumizi. Shuleni, nadharia ni mtihani wa kuandika, ule usio wa vitendo. Mtaani, ukimwambia fundi jambo asiloliamini, anakujibu "hiyo ni nadharia tu". Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na minne akisikia nadharia tete anaelewa maneno matupu ambayo, juu ya utupu wake, ni dhaifu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Jina linamfanya adhani kuna ngazi: nadharia huanza ikiwa tete, inajaribiwa, inakomaa, inakuwa nadharia kamili. Sivyo. Nadharia ya seli, iliyojengwa na wanasayansi Schleiden na Schwann mwaka 1838 na 1839, ni maelezo mapana yanayounganisha mambo mengi kuhusu viumbe hai kwa pamoja. Nadharia tete ni jibu dogo kwa swali moja. Ikipita majaribio yote, mara nyingi inaishia kuwa ukweli wa kawaida tu ambao mkulima anaupanda shambani bila kujua uliwahi kuwa swali.

Mfano uko Kilosa kwenyewe. Nje kidogo ya mji kuna Ilonga, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), na mojawapo ya shida zilizoshughulikiwa hapo ni kiduha. Anayelima mtama au mahindi analijua gugu hili. Maua yake ya zambarau au mekundu, kutegemea aina, yanapendeza, lakini mizizi yake hujipachika kwenye mizizi ya mazao na kunyonya maji na chakula. Likichomoza juu, madhara mengi yameshafanyika chini. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na hukaa udongoni miaka mingi bila kuota. Kinachoziamsha ni kemikali zinazovuja kutoka kwenye mizizi ya mmea wa kushambuliwa. Pasipo ishara hiyo, mbegu inabaki imelala.

Sasa, watu waliona kwamba aina fulani za mtama hazisumbuliwi sana na kiduha. Huo ni uchunguzi, bado si nadharia tete. Nadharia tete inaingia mtu anapojibu kwa nini. Huenda mizizi ya mtama huo ni migumu kupenya. Huenda unakomaa mapema, kabla gugu halijapata nguvu. Au huenda mizizi yake inatoa ishara kidogo mno, ndiyo maana mbegu za kiduha haziamki. Majibu matatu, na kila moja linadai jaribio lake. La tatu linajaribika hata kwenye sahani ya maabara: laza mche wa mtama kati ya mbegu za kiduha zilizoandaliwa, subiri, kisha angalia zilizoota ziko umbali gani kutoka kwenye mzizi. Mtama wa kawaida unaamsha mbegu za mbali. Ule unaostahimili ukiziamsha vilevile, jibu lako limekwisha, tafuta jingine.

Halikwisha. Gebisa Ejeta, mwanasayansi mzaliwa wa Ethiopia katika Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alilifanyia kazi pamoja na wenzake na kuzalisha aina za mtama kutokana na sifa hiyo. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Aina mbili kutoka Purdue zilijaribiwa Tanzania, watafiti wa Ilonga wakishiriki, na mwaka 2002 zikaruhusiwa rasmi kwa wakulima. Moja iliitwa Wahi, nyingine Hakika. Sijui kama aliyechagua majina alikusudia, lakini mbegu iitwayo Hakika imetokana na wazo lililoanza likiwa tete kabisa.

Na hapa ndipo nusu ya pili ya istilahi yetu inapojitetea. Magazeti yametuzoesha neno hili kwa ubaya: hali ya mgonjwa ni tete, usalama wa mpakani ni tete. Tete ni kitu kinachoweza kuvunjika wakati wowote. Katika sayansi hiyo si aibu, ndiyo sharti lenyewe. Mwanafalsafa Karl Popper alilisisitiza katika kitabu chake cha mwaka 1934: dai lisiloweza kukanushwa na tukio lolote si la kisayansi. Neno la Kigiriki lililozaa haipothesia linamaanisha kitu kilichowekwa chini, yaani msingi wa hoja, na halidokezi kwamba msingi wenyewe unaweza kubomoka. La Kiswahili linakuonya tangu silabi ya kwanza ya neno la pili.

Nisiishie kwenye majaribio ya sahani, maana vitabu vya Kidato cha Kwanza vinaacha picha kwamba kila nadharia tete hufuatwa na jaribio. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo mji wake mdogo uko ndani ya Wilaya ya Kilosa, inatoa mfano usiowezekana maabara. Kabla ya biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu kupigwa marufuku mwaka 1989, majangili waliwaua tembo wengi wa Mikumi, hasa majike wakongwe wanaoongoza familia. Swali likawa: ujangili ukipungua, waliobaki wanarudi katika hali ya kawaida, au madhara yanaendelea?

Hakuna mtu mwenye akili atakayeua majike wakongwe ili apate kundi la kulinganishia. Watafiti Kathleen Gobush, Samuel Wasser na Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine walitumia ulinganisho uliokwishatokea. Kwa miezi 25 kati ya 2003 na 2005 majike 218 katika makundi 109 walifuatiliwa. Vinasaba vilionyesha nani ni ndugu wa nani. Kinyesi kilionyesha kiwango cha homoni za msongo, bila kumgusa tembo hata mmoja. Kama majike wasio na mkongwe wala ndugu wa karibu wangekuwa na homoni na watoto sawa na wenzao, nadharia tete ya madhara ya kudumu ingevunjika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kinyume: majike hao walikuwa na msongo zaidi, na wale wa makundi yaliyosambaratika walizaa kidogo zaidi, ingawa wengi walikuwa katika umri mzuri wa kuzaa. Ilikuwa imepita takriban miaka 15 tangu marufuku ile.

Je, tungeweza kupata jina bora? Kisio lina mvuto kwa ufupi wake, ila wahasibu wameshalichukua kwa bajeti, na linarudisha ile fikra ya kubahatisha. Haipothesia haipotoshi, lakini pia haifundishi chochote. Ningekubali kupoteza nadharia kesho, tete nisingeiachia.

Darasani jambo hili halihitaji tembo. Waulize wanafunzi: maharage yakioteshwa gizani kwa wiki moja, yatakuwa marefu au mafupi kuliko ya kwenye mwanga? Wengi watasema mafupi. Yatatoka marefu, membamba na ya njano, kwa kuwa mche usiopata mwanga hujirefusha kuutafuta. Nadharia tete yao imevunjika mbele ya macho yao, na asipewe sifuri aliyeiandika.

Ombi langu kwa walimu wa biolojia ni dogo. Mwanafunzi akishaandika nadharia tete yake, kwa Kiingereza au Kiswahili, mwongezee mstari mmoja wa kujaza: "Nitakubali nimekosea iwapo nitaona..." Asiyeweza kuujaza bado hajaandika nadharia tete, hata kama sarufi yake haina kosa.